Spoku za Ishirini na Nane

Kijana wa kampuni alikuja Jumatatu, shati limenyooka,
akaweka simu juu ya kaunta, kati ya gundi na msasa,
akasema: "Mama Saumu, duka bila roboti
ni baiskeli bila mnyororo."
Nikamwambia baiskeli bila mnyororo,
ikiwa mteremkoni, inakwenda tu.
Akacheka kwa adabu, akaandika kitu.

Roboti lenyewe halina mikono wala grisi kwenye kucha.
Linakaa ndani ya simu, linajibu wateja
hata nikiwa juu ya mswala,
linakumbuka mtu alinunua nini, linamkumbusha anunue tena.
Kampuni imelipa jina: Rehema.
Mwezi wa kwanza bure. Wa pili, elfu arobaini na tano.
Hizo ni tairi tatu, na chenji ya maandazi.

Usiku nikafungua daftari la madeni
(wateja wangu wote wamo humo, wema na wengineo)
nikawapitia kama ninayechambua mchele.

Shemhilu wa maziwa, kutoka Pongwe na madumu yake:
simu ya kitochi, kitufe cha tano kimezama.
Tairi haiulizii. Anaiminya kwa dole gumba.
Bi Mwanahamisi: kwanza habari za msiba, breki baadaye.
Vijana wa Raskazone, wa baiskeli za gia,
hao ndio wanaishi humo simuni.
Mwinjuma seremala, Barabara ya Kumi na Nne,
kiziwi tangu utotoni. Sisi huongea kwa vidole:
ananionyesha, nampa, anaondoka.
Roboti la maneno na mtu asiyesikia maneno!
Jina lake nikalipigia mstari.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee.
Hawakusema mgeni akikosa usingizi itakuwaje.
Siku ya tatu Shemhilu kasimama mlangoni kabla sijafagia:
"Nani analala dukani mwako?
Saa nane za usiku kaniita mpendwa.
Meseji zangu msomaji ni mke wangu."
Nikamwapia ni roboti.
"Roboti gani linaitwa Rehema?"
Ikabidi nifunge duka, niende Pongwe kwa nauli yangu,
nikamwapie na mkewe.

Vijana wa Raskazone waliuliza bei mara sitini na moja.
Wote wakaandika "nakuja".
Akaja mmoja, akanunua kofia.

Basi, nikasema. Halitufai.
Nilikuwa natafuta namba ya yule kijana nimpe jibu lake
kidole kikateleza, pakafunguka maandishi marefu,
marefu kuliko ya mtu yeyote.

"Mama Saumu, ni Mwinjuma.
Miaka sita unanipa spoku za ishirini na nane.
Ringi yangu ni ishirini na sita.
Huwa nazikata vichwa, nazikunja upya, moja moja.
Sikutaka kukusumbua, ulikuwa unatabasamu.
Pia naomba kengele.
Si ya kunisikizisha mimi. Ya walio mbele yangu."

Na Rehema kamjibu:
"Mpendwa mteja, kengele zipo za aina nne!"

Nilikaa na simu ile mpaka adhana.

Nikampigia kijana: ondoa jina, ondoa mpendwa,
na lisimwandikie mtu asiyeliandikia kwanza.
Akasema mfumo hauruhusu, labda ule wa bei ya juu.
Nikasema nitafikiri, na kweli nafikiri bado:
elfu arobaini na tano upande huu wa daftari,
upande ule kengele moja, elfu tatu na mia tano,
na miaka sita ambayo sijui niiandike wapi.

Kwa sasa penseli ipo, nimeifunga kwa uzi wa katani
pembeni mwa kaunta, na daftari la shule.
Ukurasa wa kwanza umeshajaa, mwandiko wa seremala,
herufi zimesimama kama zimepimwa kwa bimaji.

Jana alichukua ile ya kijani.
Akaifunga mwenyewe, akapanda, akaipiga mara mbili,
kisha akageuka
kuona kama nimegeuka.