Namba Hamsini na Tatu

Magome yalitoka Kyimo ndani ya kiroba cha mbolea,
juu yake ndizi, isionekane shangazi Gwantwa katuma miti mitupu.
Nikasaga, nikaloweka, nikachuja.
Kwenye bamba, chini ya taa ya zambarau,
doa moja likawaka kama jicho la paka jikoni.

Ndiwe huyo, kabla ya kupewa namba.

Ulikuwa mkaidi, hutaki maji.
Nikakukata mkia wa kaboni nne,
nikakuvua pete, nikakuvika nyingine yenye naitrojeni,
badiliko moja kwa siku zake, moja tu,
ili nikikosea nijue kidole kilichokosea.

Juni hii wageni wanailaani baridi ya Mbeya.
Mimi nakuweka dirishani, Loleza ikiwa imejifunika,
asubuhi nakukuta umeganda, sindano nyeupe tupu.
Baridi: msaidizi wangu asiyedai posho.

Jana Ambakisye kaleta majibu, hata koti hajavua.
Kimelea umekiua.
Chembe za ini nazo, kwenye kisahani cha pili,
umezichoma.
Ufunguo uliofungua mlango wa mwizi
umefungua na wa mwenye nyumba.

Shangazi anapiga simu: dawa imefika wapi?
Namwambia inabadilishwa nguo.
"Tangu mwaka juzi? Bibi harusi gani huyo!"

Nacheka. Nafungua daftari,
nakupigia mstari mmoja mwembamba, usomeke chini yake,
na pembeni naandika: hamsini na nne,
rudisha mkia, nusu.