Ini la Farasi wa Tharpe

Nilimpasua Biskuti alfajiri, Tharpe,
ukaniomba nisikuonyeshe.
Ini lilikuwa dogo, gumu kama soli ya kiatu,
kisu kikakwaruza juu yake.
Miezi sita alikuwa akifa
nawe ukisema ni uzee, ni joto la Florida.

Kikulacho, husemwa, ki nguoni mwako.
Chako kilipandwa na babu yako,
mbegu kwa gunia, bure, kwa hati ya serikali,
kurutubisha mchanga wa michungwa.
Michungwa imekwenda. Marejea yamebaki,
maua manjano, maganda makavu
yakitikiswa na upepo kama kayamba.

Sasa umeshika jembe. Ngoja kidogo.
Tazama hapa kwenye waya:

nondo, waridi na chungwa, madoa meusi,
arukaye mchana kweupe kama asiyedaiwa,
amenasa kwenye utando.
Hapapatiki. Ametulia tu
kama mtu mwenye kitambulisho mfukoni.
Buibui anakuja mbio, anamgusa,
anarudi nyuma. Kisha
(nimeona mara tatu na bado siamini)
anaanza kukata nyuzi, moja moja,
kama fundi anayefumua mshono aliokosea,
mpaka mgeni anadondoka, anaruka.

Sumu ile ile, Tharpe.
Kiwavi aliila ndani ya ganda, mbegu kwa mbegu,
akaiweka akiba. Alipoota mabawa
akaenda nayo posa: jike humnusa kwanza
ajue mahari ni kiasi gani,
na kwa usiku mmoja huipokea,
ya baba ikilalia ya mama,
hadi kwenye yai. Sisimizi hunusa, hupita.

Sisemi ni mapenzi. Kiwavi aliyepungukiwa
hula mayai ya ndugu zake ili ajazie.
Wala sisemi umhurumie mdudu.
Lima. Ng'oa yote hadi kwenye uzio,
vaa glavu, funga maganda guniani
yasije yakapasukia njiani.

Nauliza tu, kwa kuwa sikulala vizuri:
ni miaka maelfu mingapi,
ni wangapi walijikunja wakakauka kwenye jani
kabla wa kwanza hajameza, akaamka?

Biskuti alipewa kiangazi kimoja
na lango lililofungwa.