Tundu, Ukurasa wa Arobaini na Moja

Jarida jembamba, jalada rangi ya chai iliyopoa,
toleo la majira ya baridi, hamsini na moja,
bei shilingi moja na peni sita.
Maktaba ya Huddersfield ilikuwa ikiyauza kwa kilo.
Nililichomoa chini ya miongozo ya kufuma sweta.

Hadithi ni ya Winifred Ackroyd. Kurasa saba.
Haianzi na paukwa, wala hamna wa kuitikia pakawa;
unaingia mlango umeshafungwa nyuma yako:
mwanamke jikoni, birika linachemka,
mume karudi kiwandani na kofia mkononi
na ana jambo.

Ndivyo walivyoandika wakati ule.
Sukari kwa kuponi, siagi kwa kuponi,
na maneno nayo, ungedhani, kwa kuponi.
*Akaitundika kofia. Akasema*

na hapo pana tundu.
Mstatili, upana wa vidole vitatu,
umekatwa kwa mkasi, bila papara.
Nikageuza: upande wa pili ni tangazo.
Koti la mvua, la kike. Jaza jina, jaza anwani,
tuma pamoja na hawala ya posta.

Basi mtu alihitaji koti. Simlaumu.
Mvua ya huku haijui masika wala vuli,
haipigi hodi.
Mwaka wangu wa kwanza ningekata hata cheti cha kuzaliwa.

Lakini mume alisema nini?
Baada ya tundu yule mwanamke haulizi, halii.
Anamimina chai vikombe viwili.
Kisha cha tatu.
Hadithi inaishia hapo, kikombe cha tatu kikitoa mvuke.

Ukiulaza ukurasa vizuri, tunduni
yanachungulia maneno ya karatasi ya nyuma,
na unasoma hivi:
*Akaitundika kofia. Akasema
sukari imebaki ya Ijumaa tu.*
Nimeizoea hivyo. Karibu niipende.

Mwishoni, kwa herufi za chungu, mhariri kaandika:
Bi Ackroyd ni karani wa posta, Slaithwaite.
Hii ni hadithi yake ya kwanza.
Nimepekua matoleo manne yaliyofuata,
mpaka lile la mwisho, deni la karatasi lilipowashinda.
Hayumo.

Leeds, naambiwa, wana nakala nzima, chumba cha chini.
Fomu ya kuiomba ninayo. Jaza jina, jaza anwani.
Iko chini ya bakuli la funguo tangu Machi.

Maana nawaza ile kuponi,
ilivyosafiri na siri ya mume mgongoni,
ndani ya bahasha, kwenda kwa muuza makoti.
Na kama aliyeikata alikuwa mtu wa Slaithwaite,
basi aliipeleka dirishani, siku ya mvua,
na nyuma ya kioo Winifred aliipima,
akabandika stempu,
akagonga muhuri juu ya sentensi yake mwenyewe,
akasema: anayefuata.