Nyuzi Ishirini na Nne

Kidato cha pili, maabara yetu ya Tudor,
feni moja inazunguka, ya pili imegoma.
Nimewagawia tembe za naftalini,
zile nyeupe za kufukuza nondo,
na chumba kizima kinanuka sanduku la mama.

Pasheni polepole, nawaambia.
Kila dakika andikeni mlichosoma.

Sitini na tano.
Sabini na mbili.
Sabini na tisa.
Themanini.
Themanini.
Themanini.

Nyevu Kazungu ananyosha mkono:
«Mwalimu, kipimajoto chetu kimekufa.»

Hakijakufa.
Moto uko palepale, maji yanatokota,
na joto linaingia, halijarudi mlangoni.
Ila sasa halipandi ngazi.
Limeinama huko ndani linafungua vifundo,
kimoja, kimoja,
na mpaka punje ya mwisho ilegee
zebaki haitasogea hata unywele.
Hilo ni joto fiche. Andikeni.

Wakaandika. Mimi nikageukia ubao
nikawa nafuta palipokwisha futwa.

Baba alikuwa sonara, kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu.
Hakuwa na kipimajoto; alikuwa na jicho.
Dhahabu huiva kwenye elfu moja na sitini na nne,
hiyo nilikuja kuisoma mimi chuoni.
Yeye alisema tu, «Bado ina haya,»
akavuta pumzi, akapuliza mrija,
kisha, «Haya, imekubali.»
Kope zake ziliungua mara ngapi, sijui.

Na kila kipupwe, Julai ikibisha,
chupa ya mama ya mafuta ya nazi
aliyoyatia kilua na kuyaweka dirishani
ilikuwa ikiamka nyeupe, imeganda kama samli.
Baba aliichukua bila kuulizwa,
akaibana kwapani akinywa chai yake ya tangawizi.
Mkono uliozoea elfu moja na sitini na nne
ulitulia hapo, kwenye ishirini na nne.
Chai ikiisha, mafuta yanamiminika.
Sikuwahi kuwasikia wakilizungumzia jambo hilo.

Alifariki Machi.
Mama akakaa eda, na wanawake wa mtaa
wakaja na vipimo vyao.
Bi Zamzam wa nyumba ya pili alinong'ona jikoni,
nami nilikuwa nyuma ya pazia na sinia la vikombe:
«Hajatoa chozi. Ule ni moyo au kinoo?»
Miezi minne na siku kumi walimsoma,
wakaandika ileile.

Siku ya kutoka eda akaoga,
akavaa leso mpya, akanyosha mkono dirishani.
Chupa ilikuwa nyeupe mpaka shingoni.
Akaipindua. Hakuna kilichoshuka.

«Nipe niianike juani,» nikasema.
«Wata, mwanangu.»
Akaketi ukingoni mwa kitanda, upande usio wake,
akaibana kwapani.
Nikaona mafuta yakiachia kandokando ya kioo,
katikati pakibaki kisiwa,
kisiwa kikizunguka, kikipungua.
Hapo ndipo alipolia.
Alilia mpaka adhuhuri ikaadhiniwa,
na Bi Zamzam hakuwapo kuandika.

«Mwalimu! Themanini na moja!»
Darasa zima limesimama kuangalia neli ya kioo,
humo ndani maji maangavu, kama hakukuwahi kuwa na kitu kigumu.

Zimeni moto, nasema. Fungueni ukurasa mpya.
Sasa mtaisoma ikirudi.
«Itaganda kwenye ngapi?» Nyevu anauliza.
Ngojeni, mtaona pale itakaposimama.

Na mkimaliza, mikono kwa sabuni.
Harufu yake haitoki upesi.