Mashudu

Hakuna aliyetufukuza, kwa sababu hakuna aliyetusikia.
Kinu cha alizeti kilinguruma upande wa pili wa ukuta
tangu alfajiri hadi saa tatu usiku, msimu mzima,
na sisi, ndani ya stoo ya mashudu, Kizota,
tulipiga roki chini ya ngurumo ile
kama mtu anayetukana akiwa amezama majini.

Ndahani alikuwa na gitaa la nyuzi tano.
Wa sita uliahidiwa na shemeji yake wa Morogoro,
na ahadi ikakaa pale pale, kwenye nafasi ya uzi;
kidole chake kiliiruka kwa heshima.
Mimi nilipewa besi, si kwa kipaji:
nilikuwa mrefu.
Sechelela alipiga ngoma, yaani ndoo mbili za rangi,
mfuniko wa tairi la Peugeot,
na sufuria ambayo mama yake aliitafuta hadi Pasaka.
Mwaluko aliimba. Sauti yake ilikuwa inavunjika mwaka ule,
kwa hiyo kila wimbo ulianza na waimbaji wawili,
na hatukujua yupi angefika kwenye kiitikio.

Hatukuwa na kinanda cha kutupa noti.
Tulikuwa na kinu.
Ndahani aliweka sikio ukutani, akakaza uzi wa tatu
mpaka ukalingana na mvumo, nasi tukamfuata.
"Uko sawa na kinu?" tuliulizana,
kama wengine wanavyoulizana habari za nyumbani.

Kodi yetu ilikuwa kufagia.
Tulitoka pale na unga wa mashudu hadi kwenye kope,
na mbuzi wa Nkuhungu walitusindikiza
wakilamba suruali zetu.
Mashabiki wa mwanzo hao. Waaminifu kweli.

Jina lilitusumbua wiki tatu.
Ndahani alitaka Radi.
Mwaluko alitaka la Kizungu, lolote, mradi tusilielewe.
Sechelela, juu ya gunia, aking'oa kibanzi kidoleni,
akasema bila kuinua kichwa: Mashudu.
Kinachobaki mafuta yakishakamuliwa.
Tukacheka.
Kesho yake lilikuwa limeandikwa kwenye ndoo.

Halafu mahafali ya kidato cha nne.
Novemba, mvua haijaja, bwalo linanuka rangi mpya,
mgeni rasmi anajipepea kwa ratiba.
Ndahani akakaza uzi wa tatu, akainamisha sikio.
Hakuna kitu.
Bwalo zima limenyamaza kwa ajili yetu,
adabu yote ile, watu mia tatu,
na ukutani hakuna kitu.
Mwalimu wa zamu akatazama saa.
Jasho langu lilishuka hadi kwenye soksi.

Ndipo Mwaluko akafumba mdomo mbele ya maiki, akavuma.
Kinu chenyewe! Hata ule mkwaruzo wa mkanda uliolegea.
Kule nyuma Mama Chibago, aliyekuja kwa ajili ya mjukuu,
aligutuka, akageuka huku na huku
kutafuta nani kaiacha mashine yake izunguke tupu.
Ndahani akapata uzi wake. Nikapata wangu.

Tulipiga wimbo mmoja na nusu.
Nusu, kwa sababu Sechelela alitoboa ndoo.
Mgeni rasmi akasema vijana hawa wana nguvu,
zielekezwe kwenye kilimo.

Kama tulipiga vizuri, sijui.
Najua tu kwamba hata leo, usiku,
friji ikianza kuvuma jikoni
mkono wangu wa kushoto unainuka wenyewe, unakaza hewa.
Binti yangu aliniuliza juzi ninafanya nini.
Hii friji, nikamwambia,
iko juu kidogo.
Haiko sawa na kinu.