Daftari la Kuzika

Shimo la kumi na saba, nyuma ya banda la kuku, Mwandiga.
Udongo mwekundu, mbichi; mvua jana na juzi.
Nimezika sahani tatu, vifuko viwili,
na kifuniko kimoja kilichokunjamana kwenye kalibu
kikatoka na sura ya mtu aliyekosa usingizi.
Nimeandika tarehe. Nimesimika kijiti.

Hii ndiyo kazi yangu: nazika, nangoja, nafukua.
Dada Domitila ndiye mpishi.
Anapika wanga wa muhogo kwenye sufuria ya harusi yake,
anatia nyuzi za mikungu ya chikichi
ile ambayo wakamuaji wa mawese huirundika njiani
hadi iote uyoga, hadi ifuke,
hadi mtu aikanyage usiku, aapize.

Mwaka wa kwanza tulipata ugali.
Mwaka wa pili, ugali mgumu.
Mwaka wa tatu sahani, ila ukiipakulia mgebuka wa kukaanga
inalegea kabla hujasema bismillahi,
na Bi Mgeni wa Kibirizi akaturudishia zote hamsini
zimelowa, zimenata, zinanuka:
"Wanangu, mimi nauza samaki. Siuzi mtihani."

Shimo la nne: mchwa walikula kila kitu kwa siku tisa.
Tulishangilia. Tulichinja jogoo.
Mkaguzi akaja na kalamu yake, akacheka kwa upole:
mchwa si kipimo, mchwa hula hata mlango;
nionyesheni udongo wenyewe unafanya nini.
Tukazungushia majivu mashimo yote, tukaanza upya.
Jogoo alikuwa ameshaliwa.

Shimo la tisa: kuku wa Mama Bukuru.
Shimo la kumi na moja: nilisahau kijiti.
Hadi leo sijui nilizika wapi.
Ardhi inajua.

Halafu nta. Nta ya nyuki kutoka Kibondo,
inayosuguliwa kwa kitambaa cha kanga kuukuu.
Ikiwa nyembamba, mafuta yanapenya;
ikiwa nene, udongo unashindwa.
Miezi saba tulitafuta unene wa kitu kisichoonekana
kwa mizani tuliyoazima kwa sonara wa Ujiji,
naye kila jioni aliipangusa mbele yetu, polepole,
kama aliyemkopesha mlevi baiskeli.

Sasa tuna mashine mbili, vijana kumi na mmoja,
stoo yenye mlango wa chuma.
Bi Mgeni anachukua mia sita kwa wiki na hasemi kitu,
nasi tumejifunza kuwa hiyo ndiyo sifa yake.
Wakamuaji walewale waliotupa mikungu bure
wanatuuzia kwa kilo,
na chini ya kiroba wanaficha jiwe.

Wiki iliyopita alikuja bwana mmoja, viatu vyeupe,
akataka sahani elfu kumi kila mwezi.
Akaigonga moja kwa kidole, akasikiliza.
Tieni plastiki kidogo, alisema, kijiko tu kwenye pipa;
itakuwa ngumu, itakuwa rahisi, itang'aa.
Maandishi ya nje yabaki yaleyale.
"Kwani nani atafukua?"

Domitila hakumjibu.
Alinitazama mimi, pale mlangoni,
jembe begani, udongo hadi kwenye viwiko.
Yule bwana naye akageuka kunitazama.
Chai yake ilipoa kwenye kikombe.

Tangu hapo hajapiga simu.
Mkopo wa mashine ya pili unadaiwa tarehe tano,
na vijana wanauliza kwa macho tu.

Shimo la sitini na mbili, siku ya tisini na nne.
Majivu hayajaguswa. Nimefukua kwa vidole.
Sahani: hakuna. Kifuko: hakuna,
ila mzizi mweupe wa mboga nisiyoipanda.
Ukingoni, kipande kimoja, ukubwa wa ukucha,
mahali nta ilipozidi.

Nimekirudisha chini.
Nimeandika: bado.