Futi Zinaanzia Wapi

Mimi ndiye mwandika muhtasari.
Kila Jumanne ya pili ya mwezi naketi pembeni,
kushoto kwa bendera, karibu na bomba la joto linalogongagonga,
na kazi yangu ni kuandika walichosema,
si walivyokisema.

Ajenda namba tatu: kona ya Barabara ya Nne na Mtaa wa Haugen,
palipokuwa na dobi wa mashine za sarafu.
Mwombaji: Gurnek Dhaliwal.
Ombi: pampu nne, paa moja, duka dogo,
saa kumi na nane kwa siku.
Ukanda: Biashara za Mtaa, daraja la kwanza,
ambao kitabu chetu kinaueleza hivi:
mahali pa kuwahudumia wafikao kwa miguu.

Mtu akacheka kule nyuma.
Sikuandika.

Kifungu cha kumi na tisa kinataka futi mia moja
kati ya kituo cha mafuta na nyumba ya kulala watu.
Nilitumwa mimi kupima, Februari,
na futikamba ya chuma ikaganda, ikagoma kurudi ndani ya kibweta chake,
nikaiburuta thelujini kama mkia.
Kutoka pampu ya kaskazini hadi ukuta wa Ottilie Brandvold: mia na mbili.
Kutoka ukingo wa paa: themanini na saba.
Kutoka mpaka wa kiwanja: sitini, kasoro inchi nne.
Kanuni haisemi futi zinaanzia wapi.
Walioitunga wamelala kilimani, makaburi ya Walutheri,
wamepangwa kwa mistari iliyonyooka.

Ottilie alisimama bila kuvua koti.
"Dirisha la chumba changu linatazama kule.
Nililala gizani na Harald miaka hamsini,
na gizani bila Harald miaka sita.
Ndilo nililobakiwa nalo.
Msiniwashie."

Dhaliwal akakunjua mchoro wa taa zinazoinamia chini.
Vidole vyake vinene, karatasi ikawa inajikunja tena na tena.
"Nimeendesha lori miaka ishirini na miwili," alisema.
"Vyoo vyote vya kuanzia hapa hadi Spokane navijua kwa harufu.
Nataka kituo kimoja tu
ambapo mtu akiingia namwita kwa jina."

Penye wengi pana mengi.
Mmoja akataja ajali, mwingine bei ya nyumba,
wa tatu akasema duka la karibu la maziwa liko maili mbili
na yeye ana goti la plastiki.
Ndipo Lyle Tveit, fundi bomba,
ambaye hajawahi kuomba nafasi ya kusema,
akasema akiwa amekaa:
"Mnagombania kituo ambacho kipo tayari.
Baba yangu aliuza petroli kona ile hadi sitini na moja.
Alipofunga hakulitoa tangi. Alilifukia.
Liko kwenye mpaka, Ottilie, chini ya mawaridi yako."

Bomba la joto likagonga mara tatu.
Maji yakimwagika hayazoleki.
Petroli huzoleka, mhandisi alieleza,
kijiko baada ya kijiko, kwa fedha ambazo mji hauna.
Ottilie alikuwa akijitazama viganja.
"Upande ule hayajawahi kushika," alisema.
"Miaka yote nimemlaumu paka."

Mwenyekiti Delphine Rask akapigisha kura: watatu kwa wawili,
shauri liahirishwe hadi neno "kutoka" lipatiwe maana.
Nikaandika: *Mengineyo: hakuna.*

Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio.
Nilimwona Dhaliwal akimkwangulia Ottilie barafu kwenye kioo cha gari,
wote wawili kimya,
yeye akimwonyesha kwa fimbo sehemu alizoziruka.

Nilipowasha langu, taa ya mafuta ikawaka rangi ya chungwa.
Maili kumi na moja hadi barabara kuu,
huku mguu nimeulegeza, redio nimeizima,
kana kwamba nayo inakunywa.
Kituo kilionekana kutoka mbali sana,
cheupe, hakina jirani.
Nikajaza. Nikalipa.
Kijana wa dirishani hakuinua kichwa.